Kioo Kimeng'ang'ania Kioo

Kama uko nyumbani, vuta kiti. Kama uko kwenye foleni, vuta breki ya mkono kwanza, kisha inua macho kidogo. Hapo juu, katikati ya kioo cha mbele, kuna kioo kingine kidogo kinachokuonyesha walio nyuma yako. Leo tunakizungumzia hicho.

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja wa Morogoro aliniletea ujumbe. Aliandika kwa ufupi wa mtu aliyekwisha kukasirika: amenunua kioo kipya chenye kamera, cha zamani kimegoma kutoka, amevuta, amezungusha, amegonga, wapi! Akamaliza na swali: "Nitumie kitu gani kukivunja?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka kadhaa iliyopita. Tofauti ni kwamba mimi sikumwuliza mtu. Niliingia kazini moja kwa moja, na kweli nikavunja. Ila kilichovunjika sicho nilichokuwa nakivunja.

Ilikuwa Jumapili mchana, uani kwangu, Dar es Salaam. Nilikuwa na gari dogo la Kijapani, la kununua mkononi mwa mtu, na kioo chake cha kutazamia nyuma kilikuwa kimelegea shingo. Tukipita kwenye tuta, kinainamisha kichwa kama mtoto anayesinzia darasani. Ninakiinua, kinainama. Nikaenda mtaa wa Gerezani, nikatafuta kwenye maduka ya vipuri mpaka nikapata kingine kinachofanana nacho, nikarudi nacho nyumbani kimefungwa kwenye gazeti. Nikajiambia, kazi ya dakika tano hii.

Nikashika kile cha zamani, nikavuta. Hakikutikisika. Nikazungusha kulia, nikazungusha kushoto. Hakuna kitu. Basi nikachukua bisibisi bapa, nikaichomeka ncha yake pale kilipogusana na kioo cha mbele, nikakandamiza mpini.

Nikasikia *tak!*

Sauti ndogo tu, kama kuvunja kijiti cha mbaazi. Nikadhani gundi imeachia. Nikavuta tena, bado kimeshika vilevile. Ndipo nikaona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole, umeanzia pale kwenye ncha ya bisibisi na kuelekea upande wa abiria. Jioni upepo wa bahari ulipoanza kuvuma na gari kupoa, ufa ule ukawa umefika urefu wa mkono.

Nikampigia simu mke wangu, alikuwa kwa dada yake. Nikamwambia, "Mama, nimevunja kioo." Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Si ndicho ulichosema unakibadilisha?" Nikamwambia, "Hicho kipo, hakijaguswa. Nimevunja kioo." Kukawa kimya. Kisha akauliza, "Kioo kipi, Baba?"

Unaona jinsi Kiswahili chetu kinavyoweza kutuchezea. Kile unachochungulia barabara ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, hata uso wa simu yako ni kioo. Kwa hiyo tupeane majina mapema tusije tukapotezana njiani. Kile kipana nitakiita kioo cha mbele. Kile kidogo cha kutazamia nyuma nitakiita kioo cha ndani, kukitofautisha na wenzake wa pembeni. Na kuna mtu wa tatu katika habari hii, ambaye wenye magari wengi hatumjui kabisa. Ni kipande kidogo cha chuma, ukubwa wake kama kifungo cha koti, kilichogandishwa kwa gundi kwenye kioo cha mbele ili kibebe kioo cha ndani. Hicho nitakiita kitako. Mimi sikujua kama kipo. Nilidhani kioo cha ndani kimegandishwa moja kwa moja, kama stempu kwenye bahasha.

Kesho yake jirani akanielekeza kwa fundi mmoja wa vioo vya magari, mzee wa makamo, kwao Kilwa. Nikafika nimenywea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akautazama ufa, akanitazama mimi, akauliza, "Ulikuwa unatoa kioo au unang'oa jino?" Vijana wake wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa heshima.

Nilitegemea aagize sanduku la vifaa. Akaagiza tochi. Akazunguka nje ya gari, akainama juu ya boneti, akaimulika ile sehemu kwa nje, akakaa hapo muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniita. "Njoo huku. Umewahi kukitazama kutokea huku?" Sikuwahi. Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka miwili bila kuona mgongo wa kioo changu. Na kutokea nje kila kitu kilikuwa wazi, kitako kile pale, na gundi imetanda nyuma yake, safi, haina povu wala haijabadilika rangi. "Hii gundi nzima," akasema. "Ungevuta mpaka kesho."

Akaingia ndani, akalala chali kwenye kiti cha abiria, akaimulika shingo ya kioo cha ndani kwa chini. Kulikuwa na tundu dogo limejaa vumbi. Akalisafisha kwa ncha ya waya, na ndani yake ikaonekana skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Akatafuta spana ya kuingia humo, akailegeza mizunguko miwili, akaweka kidole gumba chini ya shingo na kusukuma kuelekea darini. Kioo cha ndani kikateleza juu, kikatoka, kikakaa mkononi mwake. Kitako kikabaki palepale kwenye kioo cha mbele, kinang'aa.

"Mlango ulikuwa huu," akasema. "Wewe ulikuwa unabomoa ukuta."

Msikilizaji, mazungumzo yote ya leo yamo katika sentensi hiyo, lakini tuifungue polepole, maana inategemea gari na gari.

Kioo cha ndani hakiwekwi pale kikae milele. Waliokibuni wanajua siku moja kitabadilishwa. Tena wanajua jambo jingine la kutisha zaidi, kwamba gari likigonga, kichwa cha mtu kinaweza kuruka mbele kikakutana nacho. Ndiyo maana kanuni namba 111 ya usalama wa magari ya Marekani inadai kwamba kioo hicho, kikiwa mahali ambapo kichwa kinaweza kukigonga, lazima kikubali kujikunja au kuchomoka kikisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 400, yaani sawasawa na uzito wa kilo 40 hivi, na kisiache ncha kali. Kwa maneno mengine, kuna namna ya kutoka iliyopangwa tangu kiwandani. Kazi yako ni kuitafuta.

Namna hizo si nyingi. Kuna kile chenye skrubu ndogo kwenye shingo, kama changu. Unalegeza tu, huitoi skrubu yote, kisha unasukuma kioo kwenda juu ukifuata uso wa kioo cha mbele. Skrubu yenyewe huwa na pembe sita, au kichwa cha nyota, kwa hiyo bisibisi ya kawaida haiingii, na ukilazimisha utaiharibu kichwa. Kuna kile kisicho na skrubu yoyote, kinashikwa na springi ndani ya shingo. Ukichungulia utaona mwanya mwembamba, unaingiza bisibisi ndogo bapa humo kuibonyeza ile springi, huku unasukuma juu. Kuna cha tatu, utakikuta kwenye magari mengi ya Ulaya, ambacho mguu wake ni wa mviringo na kinatoka kwa kuzungushwa, kama glopu ya pini mbili. Na kuna kile ambacho hakigusi kioo cha mbele kabisa. Kimefungwa kwenye dari kwa skrubu, na skrubu zenyewe zimefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Magari mengi ya Kijapani ya zamani ndivyo yalivyo. Nimesikia habari ya mtu aliyehangaika na kioo cha namna hiyo kwa draya ya saluni, anapasha moto gundi ambayo haipo.

Sasa, mbona basi kinakwama? Kwa sababu kimekaa. Gari limeshinda juani miaka kumi na tano, huko Japani na huku kwetu, vumbi limeingia kwenye mwanya, kutu imeshika kati ya shingo na kitako, na huenda aliyekuwa na gari kabla yako aliongeza tone la gundi ili kisitetemeke. Skrubu umelegeza, na bado hakiteremki wala hakipandi. Hapo fundi wangu hutia mafuta kidogo ya kulainisha kutu, tone moja kwa ncha ya kijiti, anasubiri robo saa, kisha anagonga shingo kutoka chini kwa mpini wa mbao, mapigo madogomadogo, kuelekea juu. Anaelekeza nguvu kwa kufuata uso wa kioo cha mbele. Hakivuti kioo kuja kwake hata kidogo.

Na hapo ndipo penye siri ya ule ufa wangu. Kioo cha mbele cha gari si kipande kimoja. Ni vipande viwili vyembamba, kila kimoja milimita mbili na ushei, vimebanwa pamoja na utando wa plastiki katikati ambao unene wake haufiki milimita moja, mfano wa slesi mbili za mkate na siagi kati yake. Kitako kimegandishwa kwenye kile kipande cha ndani peke yake. Kwa hiyo nilipochomeka bisibisi nikakandamiza mpini, nilikuwa nimekusanya nguvu za mkono mzima kwenye ncha pana kama ukucha, juu ya milimita mbili za kioo. Kioo huvumilia sana kubanwa. Kisichovumilia ni kupindwa. Gundi ilikuwa na nguvu, chuma kilikuwa na nguvu, na mnyonge katika ugomvi ule alikuwa kioo.

Kioo cha namna hii tumetengenezewa kwa faida yetu. Husimuliwa kwamba mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alidondosha chupa ya maabara mwaka 1903, ikapasuka lakini vipande havikutawanyika, kwa kuwa ndani ilikuwa imekaukiwa na utando wa dawa iliyowahi kutiwa humo. Mwaka 1909 akasajili hataza ya kioo cha tabaka. Vioo vya milango ya magari mengi ni habari nyingine. Hivyo hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani, na siku vikipasuka vinamwagika vyote kama chumvi ya mawe. Kioo cha mbele kikipasuka kinabaki mahali pake, dereva anaona njia, na abiria hatoki kwa pale mbele. Ndiyo sababu ufa wangu ulibaki kuwa ufa, nikaendelea kuutazama kila siku.

Niliutazama miezi minne. Ukaja ukapinda kona, ukarudi upande wangu, ukapita mbele ya macho yangu kama waya wa simu. Ikabidi ninunue kioo kipya cha mbele, na bei yake ilinifanya nikae kimya barabara nzima ya kurudi nyumbani. Kioo kile kipya kilikuja kitupu, hakina kitako. Fundi akasema, "Tutakitoa kile cha zamani tukihamishie huku. Na hiki kioo kimeshapasuka, kwa hiyo ndiyo shule yenyewe. Kaa hapa ujifunze."

Basi nami nakupa kama nilivyopewa, kwa ajili ya siku ambayo kitako chenyewe ndicho kinachotakiwa kutoka.

Kwanza alikipiga picha kwa simu, kwa karibu, ili ajue upande upi ulikuwa juu. Kitako cha namna ile kina ncha nyembamba na ncha pana, na ukikibandika kichwa chini miguu juu, kioo cha ndani hakitaingia. Kwenye gari ambalo kioo chake cha mbele kinabaki, huweka pia alama upande wa nje kwa kalamu ya wino wa kufutika, ili kitako kirudi palepale kilipokuwa. Akatandika kitambaa juu ya dashibodi, akavaa miwani.

Halafu moto. Gundi nyingi za kazi hii hulegea zikipata joto. Akatumia draya ya kukaushia nywele, akapuliza upande wa nje wa kioo, akiizungusha taratibu isitulie mahali pamoja. Nilimwuliza kwa nini asipulize ndani, ambako kitako kiko karibu. Akasema joto likipitia kwenye kioo linaifikia gundi kwanza, na plastiki za ndani zinasalimika. Kama huna draya, jua la mchana ni fundi wa bure. Elekeza uso wa gari juani, funga madirisha, nenda kale chakula cha mchana. Lakini kiberiti cha gesi hapana, jiko hapana, na maji ya moto hapana kabisa. Maji ya moto kwenye kioo kilicholala nje usiku wa Njombe, au maji ya baridi kwenye kioo kilichoshinda juani Dodoma, kazi yake ni moja. Upande mmoja unatanuka au kusinyaa na mwingine haujapata habari, na wewe unasikia ile *tak* yangu.

Kitako kilipopata joto la kutoshikika kwa kidole, akachukua wembe mpya, akaulaza bapa kwenye kioo, akaanza kuufungua ukingo wa gundi, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Hakuutumia kama wenzo. Alikata tu. Ulipopatikana mwanya, akatoa kitu ambacho sikukitarajia kwenye karakana ya magari. Ulikuwa mshipi wa nailoni, ule wanaovulia changu. Akafunga kila ncha kwenye kijiti ili usimkate vidole, akaupitisha juu ya kitako, akaanza kuuvuta kulia na kushoto kama anakata mbao kwa msumeno, huku kijana wake anaendelea kupuliza joto kwa nje.

"Sisi kwetu," akasema bila kugeuka, "tunasema papo kwa papo kamba hukata jiwe."

Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikidhani inazungumzia kisima. Siku ile niliiona ikifanya kazi. Gundi iliyoshinda mabega yangu ilikatwa na uzi. Kwa sababu gundi hii inajua sana kupinga mvuto wa kuiondoa mzima mzima, ila ukiishambulia pembeni, chembe baada ya chembe, tena ikiwa na joto, haina la kufanya. Dakika kumi hivi, kitako kikalegea. Akakizungusha kwa koleo, polepole, kama anafungua kizibo cha chupa, kikadondoka kwenye kitambaa.

Niongeze hapa kwamba mshipi unafaa zaidi pale palipo na gundi nene au ile gamu ya sponji yenye kunata pande mbili. Gari lako likiwa limetoka Japani, huenda karibu na kioo cha ndani kuna kidude cheusi kimebandikwa, kina waya mwembamba unaopotelea darini. Hiyo ni antena ya mfumo wao wa kulipia barabara. Ndiyo mama yake yule dada anayekusalimu kwa Kijapani kila ukiwasha gari, nawe hujui anasema nini. Antena ile mshipi unaitoa kama unakata sabuni. Kitako cha chuma kina gundi nyembamba sana, kwa hiyo bila joto na bila wembe kutangulia, uzi hauna pa kupita.

Mabaki ya gundi huondolewa kwa wembe na maji ya sabuni, kisha asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Tia kwenye kitambaa, usimwage kwenye kioo, maana tone likiangukia dashibodi linaacha kovu. Na kama kioo chako kimewekwa tinti kwa ndani, simama kwanza, kwa sababu wembe na asetoni vyote viwili ni adui zake.

Kurudisha ni kazi fupi lakini inataka subira. Kitako kinasuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kioo kinafutwa kwa spiriti, kisha inatumika gundi maalumu ya kazi hii, ambayo kwa kawaida huja na dawa yake ya kuiamsha. Tone dogo, unakandamiza kama dakika moja, unaacha. Wengi wetu tunakimbilia supagluu. Inashika kweli, hata wiki mbili. Lakini ikikauka inakuwa kavu kama biskuti, na pale juu kuna mtikisiko kila siku, na jua, na chuma kinachotanuka tofauti na kioo. Siku moja mchana, gari limeegeshwa, unasikia kitu kimeanguka ndani.

Fundi akaniambia, "Leo usikitundike kioo cha ndani. Acha gundi ilale mpaka kesho." Nikarudi nyumbani na kioo kipya cha mbele, safi kama hakipo, na kitako kitupu kimesimama peke yake.

Njiani nikagundua jambo. Kila baada ya muda mfupi macho yangu yalipanda juu yenyewe, yakakuta kipande cha chuma na mawingu. Nilikuwa na vioo viwili vya pembeni, vizima kabisa, na bado macho yalikuwa yanapanda. Bodaboda inapiga honi nyuma, napandisha macho, hakuna mtu. Nikawa kama mzee anayepapasa miwani aliyoisahau nyumbani. Kile kitu nilichokipuuza miaka yote nilikuwa nakitazama pengine mara mia katika safari moja.

Na kuna wakati madereva hawakuwa nacho kabisa. Mwaka 1909 mwanamke wa Kiingereza, Dorothy Levitt, aliyekuwa dereva wa mashindano, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake mambo ya magari, akawashauri wachukue kioo kidogo cha mkono, wakiinue mara kwa mara waone kinachokuja nyuma. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, Ray Harroun aliingia kwenye mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake garini. Wenzake walikaa na fundi pembeni, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kugeuka na kumwambia dereva nani anamkaribia. Walipolalamika, Harroun akawaonyesha kioo alichokifunga mbele yake juu ya vyuma. Akashinda. Lakini inasimuliwa kwamba baadaye alikiri kioo hakikumsaidia kitu, maana uwanja ulikuwa wa matofali, na kioo kilitetemeka mwanzo hadi mwisho.

Ninampenda sana Harroun kwa kukiri huko. Kioo kilikuwepo, mashiko hayakuwepo. Zaidi ya miaka mia imepita, na sisi tunalaani mashiko kwa kuwa yameshika mno.

Kabla sijakuaga, kuna pahali pa kunyoosha mikono juu na kuacha. Magari mengi ya miaka hii yana kamera nyuma ya kioo cha ndani, inayosoma mistari ya barabara na kuliambia gari lifunge breki. Mengine yana kihisio cha mvua, au kioo kinachojitia giza chenyewe usiku ukimulikwa na taa za nyuma. Ukiona waya unaingia kwenye shingo, usivute kitu kabla hujachomoa soketi yake. Ukiona kamera, mpelekee anayejua kuipima upya, maana kamera iliyosogea kidogo inaweza kuliambia gari habari za uongo. Na kuna vitako ambavyo kiwandani viliokwa pamoja na kioo kwa moto, vikawa kitu kimoja. Hivyo draya itachoka, mshipi utakatika, na ukizidisha ubishi vitatoka na kipande cha kioo.

Sasa nakurudia wewe, ndugu yangu wa Morogoro. Uliuliza utumie kitu gani kukivunja. Huenda kioo chako kipya chenye kamera hakihitaji hata kitako, kwani vingi vya namna hiyo huvalishwa juu ya kile cha zamani kwa mikanda ya mpira. Soma karatasi iliyokuja nacho kwenye boksi, utajua. Lakini kama lazima kitoke, leo usikiguse. Gonga gonga uliyokwisha kuifanya inatosha, na ni bahati yako kwamba hujaisikia ile *tak*. Kesho asubuhi, jua halijawa kali, chukua tochi. Anza nje, upande wa boneti, utazame gundi kama ipo na ikoje. Kisha ingia, ulale chali kwenye kiti cha abiria kama mzee wangu wa Kilwa, umulike shingo pande zote, usafishe vumbi kwa kijiti. Tafuta tundu, tafuta mwanya, tafuta waya, tazama kama mguu wake ni wa mviringo.

Halafu niandikie tena. Ila usiniambie kimekwama, hilo umeshaniambia. Niambie kimeshikwa na nini.

Nakutakia jioni njema, msikilizaji. Shusha breki ya mkono sasa, foleni inasogea.